Mkamwana Aliyekufa Kila Septemba

Huku Urashiro, kijiji chetu cha pwani ya Japani, ukiuliza tofu nzuri, ile jibini ya soya, inauzwa wapi, hakuna atakayekunyooshea kidole. Utaambiwa ufuate harufu ya soya inayochemka mpaka pua yako ikome yenyewe, na hapo ikomapo ndipo kwa Hatsue. Mimi ni Tokuo, kinyozi. Duka langu linatazamana na lake, na kwa miaka yote ya kazi nimekuwa nikimwona ndani ya kioo changu: kichwa cha mteja mbele, Hatsue nyuma yake, akisaga, akikamua, akikatakata yale madonge meupe na kuyatia majini. Kwa hiyo nikisema namjua, si maneno ya kuokota.

Aliletwa hapa kuolewa akitoka milimani, kwenye mashamba ya yuzu, zile ndimu zetu za manjano zenye harufu ya kumwamsha maiti. Bahari alikuwa ameiona kwenye kalenda tu. Siku ya kwanza mumewe alipompeleka kwenye ukuta wa bandari, Hatsue aliitazama kwa muda, akauliza, "Na hii ikiamua kuja huku kwetu, tunafanyaje?"

Watu walicheka wakashika mbavu. Mkamwana wa milimani, wakasema, anaogopa maji. Lakini swali lenyewe halikuwa la kijinga. Makaburini kwetu kuna jiwe refu lenye majina ya waliobebwa na wimbi zama za babu zetu, na kila mwaka wataalamu wanakuja kutukumbusha kwamba tetemeko jingine kubwa liko njiani, na wimbi lake litapita juu ya mapaa. Sisi wazaliwa wa hapa tulishalizoea neno hilo kama mtu anavyozoea kikohozi cha jirani. Hatsue hakulizoea. Basi ulipofika wakati wa kuchagua mwenyekiti wa kikundi cha kukabili maafa cha mtaa, kazi ambayo kila mwanamume hapa huikwepa kwa kujifanya anaumwa kiuno, tukamtupia yeye, tukaenda kunywa.

Tulijitakia wenyewe. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshatufyekesha njia ya kilimani, ametufungisha vyuma vya kushikilia kando ya ngazi, na ametujengesha ghala kwenye uwanja ulio juu kabisa. Halafu akaja kwenye maduka yetu, moja baada ya jingine.

"Duka likichukuliwa na maji bado ni duka," alisema, "mradi mwenyewe yuko hai na ana pa kuanzia. Wewe utaanzia wapi?"

Yeye alikuwa na jibu lake. Alikwishakubaliana na binamu yake, naye mtengeneza tofu huko milimani, kwamba jiko la mmoja likipotea atapikia kwa mwenzake. Ghalani akaweka magunia ya soya na jiwe la kusagia la mkono, zito kama dhambi. Mimi akaniambia nipeleke mikasi na nyembe za akiba.

"Dada Hatsue," nikamwambia, "watu wametoka kuponea chupuchupu kwenye tsunami, nani atakumbuka kunyoa?"

"Kaka Tokuo, mtu akikaa kambini wiki mbili, halali, haogi, ukimnyoa umemrudishia uso wake. Lete mikasi."

Nikapeleka. Gonzo, muuza pombe ya mchele, alipeleka makasha ya pombe, akaapa kwamba ni ya kusafishia vidonda. Kila zoezi tulikuwa tukifungua chupa kadhaa kuhakikisha haijaharibika. Haikuwahi kuharibika.

Zoezi lilikuwa Jumapili ya kwanza ya Septemba. King'ora kinalia, kila mtu anaacha alichoshika na kupanda. Juu kule wanawake wanateleka sufuria kubwa la supu ya nyama ya nguruwe, wanaume wanakaa mkeka mmoja, na ikifika adhuhuri uwanja wote unaimba. Sisi watu wa pwani hii hatujui kufanya jambo bila kulifanya karamu. Hatsue aliliona hilo mapema, akalitumia. Mtu asiyekuja kwa kuogopa wimbi atakuja kwa kuogopa kukosa supu.

Na mchezo nao ulikuwepo. Gonzo ndiye aliyeuanzisha. Mnajua maiti wetu wa hadithi walivyo: mzuka hutokea na kipande cha kitambaa cheupe cha pembe tatu kwenye paji la uso. Basi Gonzo akashona vitambaa vya namna hiyo, na yeyote aliyefika juu baada ya muda uliowekwa kwisha alifungwa kimoja kichwani. Huyo ameshakufa. Anakula wa mwisho, anawamiminia walio hai, na haruhusiwi kubishana, kwa kuwa marehemu habishani.

Watu walikufa kwa zamu. Mwaka huu fundi baiskeli, mwaka ule mke wa karani wa posta. Lakini mmoja alikufa kila mwaka bila kukosa, naye alikuwa mwenyekiti mwenyewe.

Sababu ilikuwa mavyaa yake. Bibi Masu, mama wa mume wa Hatsue, alikuwa amepita miaka themanini na kitu, mkavu kama dagaa na mwenye miguu ya mbuzi. Bustani yake aliilima mwenyewe. Kupanda kilima hakungemtoa jasho. Hakutaka tu. Mwanawe, dereva wa malori ya masafa marefu, alikuwa akimpigia simu kutoka njiani kumsihi, naye alikuwa akimkatia. King'ora kikilia, Bibi Masu alikaa mbele ya kabati la wahenga, lile tunamowaheshimia marehemu wa nyumba, akajimiminia chai.

"Nendeni nyinyi," alikuwa akisema. "Mimi nimekula chumvi ya kutosha. Bahari ikinitaka, anwani yangu inaijua."

Sheria ya kwanza ya Hatsue, aliyotukaririsha mpaka watoto wakaiimba wakiruka kamba, ilikuwa hii: panda kutoka hapo ulipo, usirudi kumfuata mtu. Na yeye mwenyewe ndiye aliyeivunja. Alikaa pembeni ya mama mkwe akibembeleza, akipiga magoti, mpaka muda ukaisha. Ndipo akapanda peke yake, polepole.

"Mwenyekiti amefariki tena!" Gonzo alikuwa akipaza sauti, na kitambaa mkononi. "Poleni wafiwa!"

Mwaka wa kwanza nilicheka mpaka nikapaliwa. Wa pili nikacheka. Baadaye nikaanza kufikiri, na mtu akishaanza kufikiri kicheko huchacha. Siku moja nilivuka barabara nikamuuliza waziwazi.

"Dada Hatsue, na siku ya kweli?"

Aliendelea kukoroga sufuria lake. "Siku ya kweli nitakaa naye."

"Utakufa."

"Najua, Kaka. Siwezi kumwacha. Nimejaribu kujiona nikipanda huku yeye yumo ndani, miguu inagoma hata kwenye mawazo."

Nilirudi dukani nimekasirika. Nilimkasirikia yule bibi, kwamba ukaidi wake utatuchukulia mtu bora kuliko wote mtaani. Nikasema sikio la kufa halisikii dawa. Mteja niliyekuwa nikimnyoa akadhani nasema sikio lake, akalikinga kwa mkono.

Mambo yaligeuka Septemba moja ya joto kali. Karamu ilikuwa imefana. Hatsue alikuwa amewamiminia walio hai mpaka wakaridhika, tukakunja mikeka, tukashuka, mimi nikimsaidia kubeba sufuria. Alikuwa amechoka na jua limempiga, akasahau kufungua kile kitambaa. Nami, nisiseme uongo, nilikuwa nimehakikisha chupa nyingi siku hiyo, sikuona kitu.

Bibi Masu alikuwa mlangoni akimenya figili. Alipoinua macho, kisu kikasimama.

"Ni nini hicho kichwani?"

Hatsue akajigusa. Nilidhani atakivua haraka, maana kwetu kuchezea alama za kifo mbele ya mzee ni nuksi kubwa. Hakukivua.

"Nimekufa, Mama," alisema. "Huwa nakufa kila mwaka. Hujawahi kuniona kwa kuwa hujawahi kupanda."

"Nani amekufunga uchuro huo? Yule mlevi Gonzo? Nitamvunja meno!"

"Gonzo anafunga tu. Muda unakwisha nikiwa hapa na wewe."

"Nani kakwambia ukae na mimi? Nimekwambia nenda!"

"Umeniambia. Siendi. Siku wimbi likija nitakaa hapa hapa, nikushike mkono. Kwa hiyo ukiamua kubaki unaamua ya wawili."

Sufuria lilikuwa zito lakini sikuthubutu kulitua. Bibi Masu alimtazama mkamwana wake na ile pembe tatu nyeupe, midomo ikimcheza. Kumbe yule mwanamke mgumu anaweza kulia. Alilia kama mtu aliyekasirikia machozi yake mwenyewe.

"Na baba yenu je?" alisema. "Nimwache?"

Hapo ndipo tulipoelewa. Mumewe alikuwa mvuvi wa jodari, na chombo chao kilizama mbali, bila mwili kurudi. Kilichokuwepo nyumbani ni kibao chake cha marehemu tu, ambacho kwetu ni kama mtu mwenyewe, cheusi, chenye jina la dhahabu, ndani ya kabati la wahenga. Kila asubuhi alipewa chai na wali wa kwanza. Kila Agosti, siku za wafu kurudi nyumbani, Bibi Masu aliwasha moto mdogo mlangoni ili aione njia. Na hapa kwetu, nani asiyejua? Katika kila tsunami kuna waliokwishafika juu salama, wakakumbuka kibao, wakarudi kukichukua. Bibi Masu alijijua. Alijua akipanda atarudi, akaona afadhali asipande.

"Si tumchukue tupande naye?" Hatsue aliuliza.

"Atoke baharini huko, afike hapa mlangoni akute hamna mtu? Atajuaje tulikokwenda?"

Hatsue akauliza kwa upole, "Mama, alipokuwa hai, akitoka baharini alikuwa akiitafuta nyumba kwa alama gani? Alikuwa akiuona mlango huu?"

"Mlango gani, wewe! Ukiwa baharini unaona mlango? Alikuwa akitafuta kilima. Wavuvi wote wanalenga kilima, na ule msonobari wa juu. Wakishaupata ndio..."

Akakomea hapo. Kisu cha figili kikawekwa chini.

"Tokuo," aliniambia, "tua hilo sufuria, unaonekana mjinga. Nenda kamwambie seremala nataka rafu. Kule juu kilimani. Ielekee baharini."

Basi wiki ile ile marehemu akawa wa kwanza katika nyumba hiyo kuhamia mahali salama. Mtawa wa hekalu, mnene na mwenye pumzi fupi, alipandishwa kilima akasoma dua huku akihema, na sisi wote tukaenda kusindikiza. Bibi Masu alikibeba kibao kifuani kwa mikono miwili, hakushika hata chuma cha ngazi. Nyumbani aliacha picha na ubani, akamwambia mumewe kwamba huko chini sasa ni ofisi tu.

Kesho yake alfajiri akapanda kumpelekea chai. Marehemu hawezi kukaa bila chai. Keshokutwa akapanda tena.

Kama mnavyojua wazee, jambo la mmoja haliwi la mmoja. Bibi wa duka la nyuzi akasikia kwamba mume wa Masu anakaa juu anapunga upepo na kuona bahari yote, akauliza wake amekosa nini. Akaleta kibao chake. Wakafuata wengine. Seremala akaongeza rafu, na ugomvi ukazuka kuhusu nani awe juu ya nani. Bibi wa nyuzi alidai mumewe alikuwa nahodha, hawezi kuwekwa chini ya baharia wa kawaida.

"Alikuwa nahodha wa mashua ya kukodisha!" Bibi Masu alimjibu. "Hata bata anamiliki zaidi yake!"

Mtawa akaamua wapangwe kwa tarehe ya kufa, na kwa mara ya kwanza watu wakaona fahari kuwa walifiwa mapema.

Kwa njia hiyo wazee wote waliokuwa wakikataa kupanda mara moja kwa mwaka wakawa wanapanda kila asubuhi, na birika mkononi. Hatsue hakuwaambia kwamba hilo ni zoezi. Aliwaangalia tu, akacheka peke yake kule jikoni. Kisha, mfanyabiashara ni mfanyabiashara, akaanza kupanda na ndoo ya tofu ya moto, akaiuzia pale pale uwanjani, na sosi na tangawizi. Wateja wako juu, duka lifanye nini chini? Nami nikapandisha kiti. Kunyolewa huku unatazama bahari, na mabibi watatu nyuma yako wanakusengenya, ni raha ambayo huwezi kuipata mjini. Miguu ya wazee ikakomaa. Bibi wa nyuzi akaacha fimbo. Septemba iliyofuata hakufa mtu yeyote, na Gonzo alinuna, kwani hakuwa na wa kummiminia.

Siku ya kweli ilikuja Februari, karibu na chakula cha mchana. Gonzo alikuwa kwenye kiti changu cha chini, shavu moja limenyolewa, jingine lina povu. Kwanza vioo vikaimba. Kisha ardhi ikatushika mabega ikatutikisa, chupa zangu zote zikashuka, nasi tukajibanza chini ya meza mpaka ikachoka. King'ora kikaanza.

Gonzo alitoka mbio na povu lake. Nami nikatoka, lakini moyo ulikuwa umenikwama, kwa sababu asubuhi hiyo nilikuwa nimemwona Bibi Masu akishuka kutoka kilimani na kuingia ndani kujipumzisha. Nikapita mlangoni kwake. Mlango ulikuwa wazi.

"Bibi Masu! Bibi Masu!"

Kimya. Sikujua kama ni kimya cha aliyeondoka au cha aliyeamua kubaki. Sheria ni sheria, nikakimbilia ngazi.

Pale chini ya ngazi, njia inapogawanyika, Hatsue akatokea kwa baiskeli. Alikuwa ametoka kupeleka tofu kwenye jiko la shule, upande wa pili wa kijiji.

"Umemwona Mama?"

"Nimeita. Hakuitika."

Uso wake ulibadilika. Kushoto ni kilima. Kulia ni nyumba, si mbali, paa lake linaonekana. Maji ya bandari yalikuwa yameanza kurudi nyuma, na mashua zimelala ubavu kwenye tope. Nilimshika mkono wake kwa nguvu, nikaogopa kuliko nilivyoogopa tetemeko.

"Dada, usirudi."

"Na kama yumo?"

"Na kama hayumo?"

Alisimama. Najua ulikuwa muda mfupi, lakini kwangu ulikuwa mrefu kama msiba. Kisha akaiangusha baiskeli, akalipa paa lile kisogo, akaanza kupanda. Alipanda huku analia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto, na hakugeuka hata mara moja. Nimewahi kuona watu wakifanya mambo ya kishujaa. Sijaona la kulizidi hilo.

Tulipofika kwenye kona ya katikati, nani huyo anashuka mbio kwa miguu ya mbuzi, aproni ya jikoni ikipepea, akiwasukuma wanaopanda?

"Mama! Unakwenda wapi?"

"Kukufuata wewe!" Bibi Masu alifoka. "Nimefika juu wa kwanza, nimekaa, nimehesabu watu wote, wewe hupo! Nikajua mjinga huyu amerudi kunitafuta, basi nimeshuka—"

Katika miaka yote niliyoishi ng'ambo ya duka lile, sikuwahi kumsikia Hatsue akimpandishia sauti mama mkwe. Hapa kwetu mkamwana hafanyi hivyo. Ardhi inaweza kutikisika, hilo hapana.

"GEUKA!" alipiga kelele, na kilima kizima kikasikia. "Geuka, Mama! Panda! Mimi nimekuacha ili tupone, wewe unashuka? Ungenikosa njiani ungefika chini peke yako! Panda, nasema!"

Watu wakaganda.

"Ndiyo," alisema Bibi Masu. Akageuka, akapanda.

Wimbi lilikuja. Halikuwa lile tunalolingoja. Hilo bado liko njiani. Lakini lilivuka ukuta wa bandari, likaingia vichochoro vya chini, likafika kiunoni mwa milango yetu na kuondoka na baiskeli ya Hatsue na ubao wa duka la Gonzo. Tulilitazama kutoka juu. Kisha majina yakaitwa, na kila jina likaitika. Kila jina! Watu walikumbatiana, ingawa sisi si watu wa kukumbatiana. Moto ukawashwa, soya zikaanza kusagwa, na Gonzo, nusu mtu nusu povu, akatangaza kwamba leo pombe ni ya vidonda kweli, vidonda vya moyo.

Hatsue alikuwa sufuriani akikoroga. Hasira zilikwishamtoka, aibu ikamshika. Bibi Masu alipomkaribia, aliinama mpaka nywele zikakaribia kuingia kwenye supu.

"Mama, nisamehe. Nimekupigia kelele mbele za watu."

"Inuka. Sikuja kuombwa radhi." Bibi akamtolea kidole kidogo cha mkono wa kulia, kimepinda kwa uzee. "Tuapiane. Mimi nikifika juu sishuki, hata nisipokuona."

Hatsue aliangalia kile kidole. Machozi yakamjaa tena.

"Nami sirudi," alisema, "hata usipoitika."

Wakafunganisha vidole vyao kama watoto wa chekechea wanavyofanya, wakavitikisa mara moja, wakaachia. Tulikuwa wengi tumewazunguka, na wengi wetu ni watu wa kucheka ovyo, lakini hakuna aliyecheka. Kisha Bibi Masu akachukua upawa, akamwambia mkamwana wake asogee, supu inaungua.